Sifa za Mheshimiwa Konyeza

Watu wa Songwe tumekwisha kukisifu kimondo cha Mbozi, tukaisifu kahawa, na wapo wanaousifu hata msururu wa malori wa Tunduma. Leo ni zamu ya konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, na waliowahi kumkanyaga humwita majina yasiyoandikika. Msiniambie mkoa hauna bahari. Konyeza wetu yuko Ziwa Tanganyika, unamfuata kwa njia ya Sumbawanga. Upana wake sentimita mbili hivi, na hata kuwasha hawashi.

Ziwa lile ni la nchi nne. Mwaka 2019 Rais Magufuli na mwenzake wa Zambia, Lungu, walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde ili lori lisikaguliwe mara mbili. Konyeza hakualikwa, wala hakukihitaji: anavuka mipaka bila pasi wala wakala wa forodha. Dereva anayesoma haya akiwa chini ya trela lake ataniunga mkono.

Wasomi amewatoa jasho. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Baadaye Mwingereza J. E. S. Moore akashikilia kwamba ziwa lenye konyeza lazima liliwahi kuwa kipande cha bahari. Nadharia ilikufa. Konyeza, asiye na ubongo, bado anaelea.

Lakini fadhila yake kuu ni kujua kusubiri. Tangu Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kusini, Kasanga na Mpulungu, maji ya chini hupanda na rutuba yake. Rutuba hulisha mwani, mwani hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, dagaa hutulisha sisi na migebuka. Dunia ilipozidi joto, maji ya juu yakawa mepesi mno, yakagoma kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliotoka mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda kwa 30. Nyavu nazo hazikupumzika, mpaka mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi miezi mitatu. Mama lishe wakanuna. Konyeza hakununa: hula vijidudu vilevile anavyokula dagaa, na hakuna anayemvua.

Ndugu zake wa baharini ndio wenye makuu. Maji ya moto, yaliyopungukiwa hewa na kukombwa samaki, wengi wao huyaona nafuu. Desemba 1999 walijazana kwenye maji ya kupozea mtambo wa umeme wa Sual, Ufilipino. Giza likatanda kisiwa cha Luzon, watu wakadhani jeshi limepindua. Waliozolewa walijaza malori yapatayo 50, na Tunduma hatuhitaji kuelezwa malori 50 ni foleni ya namna gani. Agosti 2025 wakazimisha vinu vinne vya nyuklia huko Gravelines, Ufaransa. Sisi umeme ukikatika hatujui hata wa kumshukuru.

Wapo wataalamu wanaosema makonyeza duniani huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 20 hivi, kwa hiyo tusikimbilie kusema joto limewazidisha kila mahali. Wivu huo.

Naomba basi asimamishiwe sanamu mjini, karibu na mpaka. Malighafi si ghali, kwani zaidi ya asilimia 95 ya mwili wake ni maji. Kazi itakuwa kupata mtaa wa Tunduma ambao siku ya ujenzi bomba litakuwa linatoa.