Hapa, Huku na Humu: Ngeli za Maiki Iliyopotea

Wanasarufi wanatufunza kwamba mahali katika Kiswahili pana ngeli tatu: PA ya mahali dhahiri, KU ya mahali pasipo mipaka, na MU ya ndani. Hatujaona aliyeitumia elimu hii kutengeneza kompyuta. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Data yetu ni kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, na mtoa taarifa mmoja: bibi, kanga begani, tayari kurekodiwa hadithi ya Sungura. Programu ya Audacity haikuona maiki yoyote.

“Nianze, mjukuu wangu?”

“Bado, bibi.”

Upotevu wa PA unashikika kwa mkono. Nyuma ya kompyuta pana tundu la kijani la spika, la buluu la kuingizia sauti ya redio au kinanda, na la waridi la maiki. Kuyafikia ni kutambaa chini ya meza, ambako rangi zote ni vumbi. Ukibahatisha la waridi, bado kuna mtego wa earphone za simu. Pini yake ina vipande vinne vya chuma, tundu linatambua vitatu. Ncha ya pini ni ya sikio la kushoto, kwa hiyo kinachonasa sauti si maiki bali kile kispika cha sikioni, maana koili na sumaku zinazosema huweza pia kusikia. Utasikika, ila kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Je, tundu la mbele ambalo waya wake haujachomekwa kwenye ubao mama ni PA au MU? Sisi tunasema MU iliyovaa kanzu ya PA. Ama ile swichi ya kunyamazisha iliyo kwenye waya, hiyo haijapoteza kitu. Tumeiwekea juzuu la pili.

MU yenyewe haina mengi: draiva imeharibika, pembetatu ya njano inaonekana, unaisakinisha upya. Humo ndimo mafundi wengi husukumia lawama wakishindwa, kisha wanakufutia Windows nzima.

Utajiri uko KU, kwenye mipangilio. Huko kuna maiki zilizonyimwa ruhusa: swichi moja ya faragha imezimwa, na kila programu inarudishwa mlangoni. Kuna zilizochelewa, maana Audacity huhesabu vifaa inapofunguliwa. Maiki iliyochomekwa baadaye haimo kwenye hesabu mpaka uiagize ihesabu tena. Na kuna zilizofichwa. Kifaa kilichozimwa kinaweza kutoweka kabisa kwenye orodha ya kurekodi, na dawa yake humpendeza mwanasarufi: unabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya sehemu tupu ya orodha, pasipo na kitu, kisha unaweka tiki kwenye kuonyesha vifaa vilivyozimwa.

Yetu ilikuwa ya kundi hili la mwisho, jambo tulilolijua baada ya kutambaa mara tatu. Ikajitokeza, imefifia. Tukaiwasha. Mistari ya kijani pembeni yake ikaanza kupanda na kushuka, nasi hatujasema neno.

Tuligeuka. Mtoa taarifa alikuwa amechoka kungoja. Sungura alishatoka kwenye mzinga wa nyuki, na bibi alikataa katakata kumrudisha.