Sifa za Ukungu wa Kichwani

Wasifiaji wa mambo duni wana ukoo mrefu, kwani Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Lakini ukungu wa kichwani haujapata wa kuusifu inavyostahili, pengine kwa sababu kila aliyekusudia kufanya hivyo aliketi, akashika kalamu, kisha akasahau alichotaka kuandika. Kwa jina hilo inakusudiwa ile hali ambayo mtu hana homa ya kumlaza wala jeraha la kuonyesha, ila kichwa chake ni kizito na akili haitulii: anasoma mstari mmoja mara tatu na hauingii, anakwenda jikoni na kusimama katikati akijiuliza amefuata nini, anaitwa na kuitika baada ya kitambo. Usiku mmoja wa kukesha hauitwi ukungu. Ukungu ni wa wiki na miezi.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu, na mahali pa kuishuhudia ni Itaba, katika vilima vya Gitega, au Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi karibu na mpaka wa Tanzania. Mwenye kichwa kizito akianza kutafuta dawa, riziki inatembea naye. Umupfumu, yaani mganga wa jadi kwa Kirundi, anapata chake. Muuza mitishamba anapata chake kwa majani ya umubirizi, ambayo uchungu wake humwaminisha mnywaji kwamba kuna kazi inayofanyika, na kwa umuravumba, ambao harufu yake kali hufungua pua hata kama haifungui akili. Duka la dawa linauza vidonge vya vitamini vya rangi ya kupendeza. Muuza vinywaji vya kuongeza nguvu anangoja mwisho wa foleni. Ugonjwa unaopona haraka humleta mteja mara moja tu, ilhali ukungu ni mteja wa kudumu, tena haudai fedha zake zirudishwe, kwa sababu mwenyewe hakumbuki vizuri alilipa nini na kwa nani.

Haki pia ni miongoni mwa sifa zake, kwa kuwa humtetea mwanafunzi pale ambapo mwalimu amekwisha kumwita mvivu. Mtoto wa Burundi hukutana na lugha nne katika shule ya msingi, yaani Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na akisinzia mbele ya ya tatu ni adabu kumwachia nafasi ya kupumua. Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari wa akili kutoka Kanada, aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kwamba vichwa vinawaka moto na wasomayo hayashiki, akaihusisha hali hiyo, aliyoiita uchovu wa ubongo, na elimu ya mtindo wa Ulaya. Wamarekani waliiingiza katika mwongozo wao wa maradhi ya akili wa mwaka 1994 miongoni mwa maradhi ya tamaduni maalumu, kisha katika toleo la mwaka 2013 wakaiacha. Kinachochekesha ni kwamba Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wakilalamikia uchovu huohuo kwa jina hilohilo, maana yake ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa Kiafrika ulikuwa umepanda meli pamoja na vitabu vya shule.

Hata hivyo, ustadi wake mkubwa zaidi unaonekana katika kahawa. Wabelgiji waliieneza Burundi kwa amri, hasa katika miaka ya 1930, wakazilazimisha kaya kupanda na kutunza miche, na hadi leo Gitega na Muyinga zinalima arabika ambayo karibu yote huuzwa nje. Ndani ya kila punje mna kafeini, na kazi yake ni ya ujanja: mtu anapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo hukaa katika vipokezi vyake na kutangaza uchovu, kafeini huwahi kukalia viti hivyo, tangazo lisisikike. Basi mkulima anaamka na ukungu wake, anachuma dawa mashuhuri kuliko zote ya kuuondoa, anaibeba hadi kituo cha kuoshea kahawa, na kuiaga iende kuzindua vichwa vya Ulaya, huku yeye akirudi kuburudika na urwarwa, pombe ya ndizi, ambayo haijawahi kushtakiwa kwa kosa la kumzindua mtu.

Kituoni, kahawa iliyomenywa hutandazwa juu ya vichanja, na wanawake huinama juu yake kwa saa nyingi, vidole vikipita punje kwa punje ili kutoa iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika na iliyobadilika rangi, kwani kahawa ya Burundi na Rwanda ina kasoro moja inayojulikana, ladha ya kiazi kibichi, na punje moja yenye kasoro hiyo inatosha kuharibu kikombe kizima. Huo ndio umakini wenyewe, yaani uwezo wa kushikilia jambo moja bila akili kutangatanga, nao husafirishwa pamoja na magunia bila kutajwa katika bei.

Mezani, ukungu una rafiki asiyeshukiwa. Maharage, chakula cha kila siku katika vilima hivyo, yana madini ya chuma, na mwili hutumia chuma kutengeneza damu inayopeleka oksijeni kwenye ubongo. Chuma kikipungua, umakini hupungua hata kabla mtu hajaonekana mgonjwa. Lakini mtu huyo, akitaka kuchangamka, hunywa chai ya rangi palepale juu ya maharage, na chai ina viambato vinavyouzuia utumbo kufyonza chuma hicho. Angengoja saa moja au mbili kabla ya kuinywa, na sahani ikapata nyanya au chungwa la kusaidia chuma kifyonzwe, ukungu ungekosa hifadhi. Bahati nzuri kwake, ushauri usiouzwa katika chupa hauheshimiwi.

Maadui zake, lazima ikubaliwe, ni watu wasio na ushairi. Mhudumu wa kituo cha afya huivuta chini kope ya mgonjwa na kutazama kama utando wa ndani una wekundu au umepauka. Huuliza juu ya usingizi, huzuni na chumvi ya nyumbani, kwa sababu chumvi isiyo na madini joto huweza kudhoofisha tezi ya shingo hata fikra zikapooza. Kisha hudunga kidole, hudondosha tone moja la damu kwenye kipimo cha malaria, na kungoja mistari kwa takriban dakika 15. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria baada ya kuhesabiwa wagonjwa wapatao milioni 1.8 tangu mwaka uanze, na hapana shaka baadhi yao walikuwa wamekwisha kunywa majani machungu ya kutosha kwa ajili ya kichwa. Ukungu una kinga yake hapo pia: mwaka 2006 matibabu ya bure katika vituo vya umma yalitangazwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua, na mtu mzima mwenye kichwa kizito hakutajwa, ndiyo maana njia ya kwenda kwa umupfumu haioti majani.

Msomaji aliyelazimika kuirudia aya iliyotangulia mara tatu asitafute sifa zaidi za ukungu. Aende akapimwe damu, na chai ainywe baadaye.