Adabu za Uwanjani, Ujuba wa Mpakani
Tangu wachezaji wa Leith, Uskoti, walipoandika kanuni 13 za gofu mwaka 1744, mchezo huo umejizolea adabu nyingi zisizohitaji refa: mchezaji hunyamaza mwenzake anapopiga, hurudishia nyasi alizozibandua kwa fimbo, husawazisha bunka, yaani bonde dogo la mchanga lililotegwa kunasa mipira, na huwapisha wanaocheza kwa kasi zaidi. Katika kiwanja cha mashimo 18 cha Nyarutarama, Kigali, waungwana huzishika adabu hizo kama ibada. Lakini zikifika Grande Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma kando ya Ziwa Kivu, huelekea kukosa hati ya kusafiria. Hapo bwana yuleyule aliyezuia pumzi ili mwenzake asikose shimo hupenya mbele ya mama mwenye furushi la vitenge, huku akizungumza kwenye simu kwa sauti inayofika ziwani, na hujitetea kwamba ana haraka, ilhali katika gofu anayepisha ni aliye mbele, kwa hiari yake. Mama huyo, ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu, husogeza furushi lake na kungoja zamu kimya. Kwa vigezo vya Leith, uanachama ni wake, na bwana aanze kwa kubeba mfuko.