Mkeka Umetiki, Wewe Nani?

Wakati wa kuweka dau, kampuni ya kubeti haikuniuliza hata jina la babu. Namba ya simu tu, na karibu sana mteja wetu. Mkeka ulipotiki, ghafla nikawa mtu wa kutiliwa shaka. Leta namba ya NIDA, tarakimu zote 20 (8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo usijitie kijana). Piga picha ya uso. Geuka kushoto. Tabasamu. Mke wangu hajawahi kunikagua hivyo, na sababu anazo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi. Lengo nimeliona: wiki hiyohiyo kampuni tatu nisizozijua zimenitumia ujumbe, zikiniita kwa jina. Hela yangu bado inahakikiwa.