Goti la Mbwa Liko Wapi?

Hakuna aibu inayomshukia mtu mzima kwa kasi kama kupewa kipande cha mkaa na mtoto wa miaka sita na kuambiwa, "Nichoree Simba," ilhali Simba ni mbwa wa nyumbani, amelala hatua tatu kutoka hapo, hadai malipo wala hajitikisi. Mtu mzima huyo ana cheti, ana simu janja, pengine ana kadi ya chama. Anavuta mstari wa kulala ukutani, anaushushia vijiti vinne vilivyonyooka, anabandika duara mbele na kimkia nyuma. Mtoto anautazama ukuta, anamtazama Simba, anarudi ukutani, kisha anauliza kwa adabu zote: "Hii meza ya nani?" Aibu hiyo inawapata watu wa Kapalamsenga, huku pande za Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, sawasawa na inavyowapata watu wa Masaki, na haina wakili, maana shahidi amelala palepale anajilamba. Lakini meza ile ni kipimo. Tunachora meza kwa sababu hatujawahi kumtazama mbwa, na asiyetazamwa ni rahisi kumpopoa mawe. Ndiyo maana nadai kwamba katika njia zote za kuokoa wanyama, ya bei nafuu kuliko zote ni kipindi cha kuchora katika shule ya msingi.

Tuanze na mguu wa nyuma, kwa kuwa huko ndiko meza zote zinakotengenezewa. Katikati ya mguu wa nyuma wa mbwa kuna kona iliyochongoka kuelekea mkiani, na ukiwauliza watu kumi, wengi watakwambia hilo ni goti, na kwamba Mungu kwa hekima yake aliwapa mbwa magoti ya kukunjika kinyumenyume. Sivyo. Ile kona ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, limejificha karibu na tumbo, nalo linakunjika kwenda mbele, vilevile kama letu. Kile kipande kirefu kilicho chini ya kisigino, ambacho kila mtu hukiita muundi, ni sehemu ya wayo iliyonyanyuliwa kutoka ardhini, kwa sababu mbwa husimama kwa vidole maisha yake yote. Asiyeamini asimame kwa ncha za vidole vya miguu, akunje magoti kidogo, ainame mbele, halafu aombe asionekane na majirani: mifupa ni ileile, mpangilio ni uleule. Ukishalijua hilo huwezi kuishia kwa mbwa. Mbuzi amepanda daraja zaidi, anasimama juu ya kucha mbili katika kila mguu, maana kwato zenyewe ni kucha zilizonenepa. Punda amebakiwa na kidole kimoja tu kwa kila mguu. Yaani punda anayepakiwa magunia mawili ya mahindi, kisha akachapwa bakora kwa kuwa anasitasita kwenye kokoto, ameubeba mzigo wote ule juu ya kucha nne. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Aliyewahi kukaa nusu saa akiuchora ukwato atashangaa kwamba mateke yenyewe ni machache kiasi hiki.

Katavi ina ushahidi wake wa zamani kuhusu gharama ya kupanga mambo ya mnyama bila kumtazama. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na tatizo la wapagazi, na akiwa Ulaya, mbele ya ramani, aliona suluhisho: tembo. Kwa kuwa tembo wetu hawakuwa na mazoea ya kuamriwa, wakaletwa wanne waliofunzwa kutoka India, madume mawili na majike mawili, pamoja na walezi wao. Wabebe mizigo kwanza, kisha wasaidie kuwafundisha kazi tembo wa Afrika. Wakateremshwa majini katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, wakaogelea mpaka ufukweni, na msafara ukaanza chini ya Frederick Carter kuelekea Karema, kituo cha Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Njiani walipita mapori yenye mbung'o, na kila walipopita salama watu walifurahi kwamba mnyama asiyeshindwa na mbung'o amepatikana. Hesabu ya kilo ambazo tembo anaweza kubeba ilipigwa vizuri. Hesabu ya kilo ambazo tembo anahitaji kula, ambazo ni zaidi ya mia moja za majani kwa siku, haikupigwa kwa bidii hiyohiyo. Wakafa mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki jike mmoja, Pulmalla, aliyeliona Ziwa Tanganyika na kukaa Karema kwa muda, kisha naye akafa. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, ndani ya Katavi ya leo, katika vita vya watu wa Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi wale wale wa Kinyamwezi, ambao tangu mwanzo walikuwa hawali majani. Leopold hakuwachukia tembo. Huenda aliwapenda sana. Aliwapenda kwa ukubwa wao, wa ramani na wa mizani, akasahau kwamba kila mmoja ana tumbo.

Miaka 89 baadaye tembo waliibuka tena Msasani, safari hii juu ya vipande vya ubao wa dari. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ile ile ya mafuta inayopakwa baiskeli na milango. Rangi hiyo inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyokuwa mwalimu. Rangi ya maji hukauka maji yakiruka, basi. Rangi ya mafuta haikauki kwa namna hiyo: mafuta yake huvuta oksijeni kutoka hewani na kuganda, yakianzia juu kwenda chini, hivyo uso unaweza kuonekana umekauka huku ndani bado ni laini. Ukiharakisha rangi ya pili, ya kwanza inajikunja au zinachanganyika, na chui anaishia kuwa tope. Kwa hiyo unapaka mandhari, unasubiri. Unapaka mwili wa chui, unasubiri. Ndipo unaweka madoa, moja baada ya jingine, na kwa kuwa chui ana madoa mengi kuliko subira ya binadamu, unajikuta umekaa na mnyama huyo muda mrefu kuliko uliokaa na shemeji zako mwaka mzima. Mtaalamu atalalamika kwamba chui wa Tingatinga hana anatomia: kichwa kimegeuka huku, mwili unakwenda kule. Kweli, lakini hakuna aliyewahi kuuliza hiyo ni meza ya nani. Mchoraji aliamua jicho liwe kubwa, na ili uamue hivyo lazima kwanza uwe umeliona jicho. Wanafunzi wake, akina January Linda, Simon Mpata na Ajaba Mtalia, walijifunza kwa kukaa naye. Yeye mwenyewe hakupewa muda. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu usiku walimpiga risasi wakidhani ni mmoja wao. Mtu aliyeifundisha nchi nzima kutazama aliuawa na watu wasiomtazama sawasawa, na hilo halina ucheshi wowote.

Pingamizi la kwanza kwa dai langu ni kwamba kuhurumia wanyama ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwamba mfano unaotajwa haraka ni Joy Adamson, mchoraji wa maua na wa watu wa Kenya, aliyemlea simba jike Elsa mpaka dunia nzima ikamjua, kabla Elsa hajafa mwaka 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Lakini mwangalie mtoto wa Kisukuma anayechunga ng'ombe katika mbuga za Katavi. Anafinyanga udongo wa mfinyanzi, na ng'ombe wake ana nundu, ana pembe zilizopinda upande huu na si ule, kwa sababu huyo ni ng'ombe fulani mwenye jina lake. Hajawahi kufundishwa huruma na mtalii. Amefundishwa na kutazama kutwa nzima. Na anayesema dini ya Kiislamu inamkataa mbwa akumbuke kwamba mate ya mbwa yana hukumu yake ya kuosha, lakini hakuna hukumu ya kumpopoa, na kwamba mafundisho yale yale yanamtaja mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbwa wana kichaa. Kinakadiriwa kuua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, wengi wao watoto, na mzazi anayemwambia mwanawe aokote jiwe hafanyi masihara. Lakini jiwe halijawahi kuzuia kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni kuchanja mbwa, walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kama ilivyothibitika kwenye vijiji vinavyozunguka Serengeti. Na aliyeng'atwa anaokolewa kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi chanjo hospitali. Sasa, siku ya chanjo nani atamleta mbwa ambaye kazi yake yote imekuwa kukimbia mawe? Mbwa aliyezoea kupigwa hakamatiki. Na dalili kubwa ya kichaa ni kwamba mbwa amebadilika: mpole amekuwa mkali, mkali amekuwa mpole kupita kiasi. Kulitambua badiliko kunahitaji mtu aliyemjua mbwa kabla hajabadilika, na mtoto aliyemchora Simba kwenye ukuta huohuo muhula mzima anaweza kuwa wa kwanza kusema leo Simba si Simba.

Pingamizi la tatu ni la mkulima, nalo limejaa uchungu wa haki. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu 1974, na tembo hawajui kusoma vibao vya mpaka. Mtu aliyepoteza mahindi ya mwaka kwa usiku mmoja hataki kusikia habari za kuchora tembo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, fedha isiyonunua hata pikipiki mpya, na nchi iliishi na kiwango hicho kwa miaka mingi huku ikimsifu tembo kwenye matangazo ya utalii. Anayetaka wanakijiji wampende tembo aanze na hesabu hiyo, asianze na mkaa wa kuchorea. Ninachodai mimi ni kidogo: kutazama humwokoa hata asiyempenda mnyama. Macho, masikio na pua za kiboko vimepangwa juu kabisa ya kichwa, karibu katika mstari mmoja, ili aweze kuona, kusikia na kupumua huku mwili wote ukiwa majini. Mtoto aliyeuchora mstari huo anajua kwamba vinundu vile vinavyochungulia majini ni tani moja na nusu ya hasira, na anahamisha ndoo yake.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonifurahisha: mchinjaji anavijua viungo vya mbuzi kuliko mchoraji yeyote, na bado anachinja. Vizuri sana, tumwangalie. Anayejua kazi yake ananoa kisu mbali na macho ya mnyama, hamchinji mmoja mbele ya mwenzake, anamaliza mara moja. Anayemburuta mbuzi kwa masikio na kumkata kwa kisu butu ni yule asiyejua. Kwa hiyo mchinjaji ni shahidi wangu. Sikusema kuchora kutawafanya watoto wale mchicha tu. Nimesema kutawaondolea ukatili usio na kazi.

Kuhusu gharama, hakuna la kubishania. Mkaa upo, majivu yapo, udongo mwekundu upo kila barabara, na kichuguu kina udongo wa kufinyangia darasa zima. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mtaala ulioboreshwa wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo. Sharti ni moja: mwalimu asichore meza ubaoni na kuwaambia watoto hamsini wainakili. Mchoraji Elimo Njau wa Marangu, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alipigana na kunakili maisha yake yote, na kwa somo hili dawa yake ni rahisi: mlete mbuzi mwenyewe darasani, mfunge kwenye mguu wa dawati, kila mtoto amtazame kutoka pale alipokaa. Mbuzi atakula daftari mbili tatu, na hiyo ndiyo itakuwa bajeti ya somo. Sheria ipo, somo lipo, mbuzi yupo. Kinachokosekana ni kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwalimu wa Hisabati hajakiazima kwa ajili ya mtihani.