Sifa za Maji Yaliyomo Katika Oili ya Trekta

Wanaoandika juu ya kilimo wamezoea kuyasifu maji yanaposhuka kutoka mawinguni au yanapopita katika mifereji ya umwagiliaji, wakayasahau yale machache yanayojipenyeza katika haidroliki ya trekta, yaani ule mfumo ambao pampu husukuma oili kwa shinikizo kubwa ili mikono ya nyuma ipate nguvu za kunyanyua plau. Dhuluma hiyo yafaa iondolewe, maana ni nadra kupata kitu kidogo namna hiyo chenye bidii kubwa namna hiyo.

Kwanza, maji haya hayana makuu wala hayasubiri kukaribishwa. Trekta ikilima kutwa, giaboksi na oili yake hupata joto. Usiku vikipoa, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta hewa ya nje kupitia tundu la kupumulia, nayo huja na mvuke unaogeuka matone kwenye kuta baridi za chuma na kuchuruzika chini taratibu. Mpira unaofunika shina la mkono wa gia ukichanika, trekta inayolala nje huipokea mvua moja kwa moja, na mwenye pupa zaidi aweza kuelekeza mpira wa kuoshea wenye presha penye sili zilizochoka.

Pili, yanajua kutunza siri. Yakiwa kidogo sana huyeyuka ndani ya oili bila kubadili sura yake. Yakizidi, gia huyavuruga yakawa vitone visivyoonekana kimoja kimoja, hali iitwayo emalsheni, na hapo ndipo kijiti cha kupimia hutoka na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Kufikia siku hiyo kazi imekwisha kuanza: beringi zimeota kutu, utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma umedhoofika, na ndani ya pampu, mahali shinikizo linaposhuka, maji yamekuwa yakigeuka viputo vya mvuke ambavyo vikifika penye shinikizo kubwa hujifumba ghafla na kung’oa chembe za chuma. Wahandisi huuita uharibifu huo kaviteshoni.

Uadilifu wa maji haya huonekana vizuri zaidi katika Massey Ferguson 135, trekta iliyotolewa katika miaka ya 1960 na ambayo bado hulima katika mashamba ya Kenya na Tanzania. Humo oili moja huhudumia gia, ekseli ya nyuma na haidroliki, na pampu yenyewe ya pistoni nne imezamishwa katika oili hiyo hiyo, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa mkono wa gia hayalazimiki kuchagua nani wa kumharibu.

Yana pia adabu ya kuchagua wakati. Kiangazi chote, trekta ikiwa imesimama, hutulia chini na kushughulika na kutu. Mvua za kwanza zikinyesha na majirani wakipanga foleni ya kulimiwa, plau hupanda nusu, hutetemeka, kisha hujishukia polepole. Mwenye trekta humlaumu dereva, dereva humlaumu fundi, fundi huilaumu pampu, na kwa kuwa pampu peke yake haina wa kuitetea, hununuliwa nyingine ikafungwa ndani ya oili ile ile. Hakuna mfanyakazi mwingine wa shambani anayeletewa zana mpya kwa gharama ya tajiri wake ili aendelee kubomoa alipoachia, na muuza spea ana kila sababu ya kumwombea maisha marefu.

Wachoyo wasiotaka kumkirimu mgeni huyu wanajulikana kwa desturi zao. Hudondosha tone la oili kwenye bati la moto, nalo likichatika hujua kwamba maji yamo. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, hulegeza nati ya chini ili maji yaliyojitenga usiku, ambayo ni mazito kuliko oili, yatoke kwanza. Na oili iliyokwisha kuwa nyeupe huimwaga yote, wakabadilisha na chujio. Kisha hununua mpira mpya wa mkono wa gia, ambao bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya pampu, na ambao huuzwa katika duka lile lile.