Nasaha kwa Mteuzi wa Chuo
Ewe kijana uliyehitimu kidato cha sita, usijitaabishe kuufunua mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huutoa kila mwaka, kwani humo hamna ila mambo makavu: sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Chuo aali hujulikana kwa bango lake la barabarani, hasa lile lenye binti aliyevaa joho, anayecheka kana kwamba ajira imekwishampigia hodi. Litazame na lango. Likiwa la marumaru, basi elimu imo. Maktaba usiiulizie, maana mwenye funguo amekwenda mjini, na marejeo yake hayana wakati maalumu.

Wale wanafunzi wachache wa sheria ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza nao mwaka 1961, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, maskini, hawakuwa na lango hata la kupigia picha.

Ama fani, mwachie mjomba, aliyekuhukumia uwakili tangu siku ulipobishana naye juu ya pilau hitimani. Nawe ada lipa kwanza. Ithibati, karani atakuambia kwa taadhima, iko njiani.